Mbebaji wa Namvua

"Rudia, Mzee Mgonja," alisema Mwalimu Kajiru, mwenyekiti wa kamati. "Pengine sikusikia vizuri. Nani atambeba Namvua mwaka huu?"

"Mimi," alijibu Eliakimu.

Ukumbi mzima wa Nyumba ya Kumbukumbu ulimgeukia. Kisha mtu mmoja wa viti vya nyuma akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kile kikawafungulia wengine. Eliakimu alisimama pale pale mbele ya meza, kofia mkononi, akangoja wamalize. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mwenye ndevu za mvi, fundi wa pampu za maji tangu ujana wake. Hakupenda kuonekana. Kila mwaka Vughomo nzima ilipoigiza Mwendo, wenzake walibeba nafsi za wazee wa mji, za wachungaji, hata za watoto, lakini yeye alisimama tu njiani pale kijitoni na chupa ya uji, akimsubiri mkewe apite.

"Namvua alikuwa mwanamke," Kajiru alisema kwa upole, kama anayemweleza mtu mwenye homa. "Mama wa watoto wanne. Wewe ni babu mwenye ndevu."

"Kanuni haisemi mwanamke. Nimeisoma mara tatu. Inasema mbebaji akifariki, familia yake ina haki ya kuibeba nafsi mwaka mmoja kabla haijachujwa. Binti yangu amekataa. Nimebaki mimi."

Kajiru alimtazama karani wake, karani akaitazama kanuni, akaitikia kwa kichwa.

Hakuna mtu wa Vughomo asiyejua habari za Mwendo. Miaka themanini nyuma, mvua zilipokosa kwa mwaka wa saba mfululizo, watu wa Vughomo ya Chini waliufunga mji wao uliokauka wakapanda mlima siku tatu kufuata chemchemi. Kila mmoja alivaa shingoni kidani kilichogawiwa na watu wa misaada, kilichopima mapigo ya moyo, pumzi na sauti, ili madaktari walioko mbali wajue nani anakaribia kuanguka. Vidani vile vilihifadhiwa. Baadaye sana mafundi walivifumua wakatengeneza kutoka kila kimoja kitu walichokiita nafsi. Haikuwa picha, wala haikuwa sauti. Mtu alijifunga mtandio wenye nyuzi za kugusa kisogo na paji la uso, akatembea njia aliyoitembea marehemu, na magoti yake yakajifunza uchovu wa yule aliyetangulia.

Namvua aliyetajwa ndiye aliyekuwa akihesabu watu. Kila waliposimama kupumzika alihesabu vichwa, na hesabu isipotimia alirudi chini peke yake kuwatafuta waliobaki. Alifika juu wa mwisho kuliko wote. Ndiyo maana katika maigizo Namvua hutembea nyuma kabisa, na mji mzima humngoja.

Ila vidani vile vilikuwa na mapengo. Palipokosekana kumbukumbu, nafsi iliazima kutoka kwenye mwili wa mbebaji, na ilichoazima haikukirudisha. Mabaki hayo mafundi waliyaita mashapo, kama yale yanayotuama chini ya mtungi. Namvua alikuwa amebebwa na mtu mmoja tu kwa miaka ishirini na miwili. Mtu huyo alikuwa Naetwe, mke wa Eliakimu, aliyezikwa miezi mitano iliyopita. Kamati ilikuwa imeshaamua: baada ya Mwendo wa mwaka huu, nafsi ya Namvua ichujwe, mashapo yote yatolewe, abaki Namvua mwenyewe.

Kwa hiyo ukumbini hapakuwa na mtu asiyefahamu Eliakimu anatafuta nini. Hawakutaka tu kulitamka. Aliyelitamka ni Bi Zaina Mshana.

Alisimama akiegemea kiti cha mbele yake. Alikuwa na miaka sabini, mjukuu wa Namvua, aliyelelewa na Namvua mpaka akafika miaka kumi na mitano.

"Baba Navoneiwa," alisema, "nilipika msibani kwako siku tatu. Nikisema haya usidhani nina chuki nawe."

"Sema tu, dada."

"Wewe humtaki Namvua. Unamtaka Naetwe. Unataka kuingia ndani ya bibi yangu ukamtafute mkeo, kama mtu anayepekua sanduku la jirani." Akaachia kiti, akasimama wima. "Bibi yangu si kaburi la mkeo."

Eliakimu alikuwa amekuja na majibu kuhusu kanuni, amejiandaa wiki nzima. Hakuna hata moja lililofaa.

"Ni kweli, dada," alisema hatimaye. "Lakini sina pengine pa kumtafuta."

Hakuna aliyecheka tena. Kajiru alifunga daftari lake. "Kanuni inakuruhusu," alisema. "Mimi sikuruhusu, Mzee Mgonja, nataka ulijue hilo. Lakini kanuni inakuruhusu."

*

Navoneiwa alimkuta baba yake barazani, miwani puani, akifumua mishono ya mabega ya gauni la kahawia ambalo mama yake alilivaa kwenye Mwendo miaka yote. Alikuwa ametoka zahanati, bado na sare yake ya uuguzi, na hakusalimia.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Mabega yake yalikuwa madogo," alijibu Eliakimu. "Naongeza kitambaa hapa kwapani. Hakitaonekana."

"Baba, watu wanakucheka. Leo mgonjwa mmoja ameniuliza kama utavaa na hereni."

"Waache wacheke."

"Wakina mama wa kwaya wamesema hawatatembea karibu nawe. Wanasema unamdhalilisha Namvua."

Eliakimu aliweka sindano chini. Alimtazama binti yake, ambaye kidevu chake kilikuwa kile kile cha mama yake, na akaona kwamba amekuwa akilia tangu njiani.

"Vone, ungembeba wewe. Haki ilikuwa yako kabla ya kuwa yangu. Mtandio ule umekaa kichwani kwa mama yako kila mwaka tangu ukiwa msichana wa shule. Kuna mapigo ya moyo wake mle ndani. Wakishachuja hayatakuwepo tena popote duniani. Wewe hutaki hata kuyasikia?"

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Usiniulize, Baba."

"Nakuuliza."

Vone alikaa kwenye ngazi, akampa mgongo. "Mama naye umemuuliza?" alisema. "Mtu akifa, yale aliyoyanyamazia aliyanyamazia kwa hiari yake. Wewe unakwenda kumpekua, na hawezi kukwambia acha."

"Nilikaa na mama yako miaka thelathini na saba. Ana nini cha kunificha?"

Vone alikaa pale mpaka uzi ukaisha kwenye sindano ya baba yake, kisha akainuka, akamtungia mwingine kwa sababu macho ya mzee yalikuwa hayawezi, akaondoka. "Mimi sitakuja kwenye Mwendo," alisema kutoka getini. "Usinitafute njiani."

*

Asubuhi ya Mwendo, Hiza, fundi wa Nyumba ya Kumbukumbu, alimfunga Eliakimu mtandio kwa mikono myepesi, akakandamiza nyuzi mpaka zikashika ngozi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yeye peke yake siku ile hakulitazama lile gauni mara mbili.

"Usingoje maneno, mzee," alimwonya. "Hatakuzungumzia. Hakuna mtu mle anayekuona. Utausikia mwili tu, wa Namvua juu, wa mkeo chini yake. Mara nyingine hutaweza kuwatenganisha."

"Nitawatenganisha," Eliakimu alisema.

Mji ulianza kupanda ile sehemu ya mwisho ya njia, ambayo siku hizi huigizwa kwa siku moja. Watu zaidi ya mia tatu, wengine na vikapu, wengine na magodoro ya kuigiza mgongoni, wote na mitandio yao. Eliakimu alitembea nyuma kabisa. Kina mama wa kwaya walifanya kama walivyosema: waliongeza mwendo mpaka pakabaki nafasi kubwa kati yao na yeye. Vijana waliokaa juu ya ukuta walipiga mbinja. "Mama Namvua, ndevu zimeota lini?" Alipata aibu, aibu ya kweli, masikio yakamwaka moto. Akainamisha kichwa akaendelea.

Mwanzoni hakusikia chochote ila gauni linalombana. Halafu, kabla hajafika kwenye kituo cha kwanza, macho yake yalianza kuhesabu. Hakuyaamuru. Yaliruka kutoka kichwa hadi kichwa mbele yake, na kifuani mwake kukaingia wasiwasi mkali, mkavu, wa mtu ambaye hesabu yake haitimii. Huyo alikuwa Namvua. Eliakimu alimfahamu mara moja kuwa mgeni. Koo lilimkauka kwa kiu ambayo haikuwa yake, na nyayo zake, zilizovaa viatu vizuri, zikaanza kukanyaga kwa kando kama za mtu mwenye malengelenge.

Alimpata mkewe kwenye mlima wa pili. Hakuwa na shaka. Naetwe alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi mbili fupi puani kabla ya kunyanyua kitu kizito, ndoo au mtoto au mfuko wa mahindi, na Eliakimu alikuwa amezisikia pumzi zile jikoni, shambani, kitandani, miaka yote ile bila kujua kwamba anazisikia. Sasa zilitoka puani mwake. Alisimama katikati ya njia akashika mti.

"Mama Vone," alisema kwa sauti. Hapakuwa na mtu karibu wa kumcheka.

Aliendelea kupanda na kulia. Lakini mlima ulipokuwa mkali, mkono wake wa kushoto ulijivuta wenyewe ukaenda kukandamiza ubavu, chini ya mbavu za mwisho, na pale mahali pakauma. Yalikuwa maumivu mazito, yaliyozoeleka, ya mtu anayeyajua na aliyejifunza kuyapitia bila kusimama. Eliakimu alipajua mahali pale. Daktari aliwaonyesha kwenye picha, kwa ncha ya kalamu, mwezi wa kumi na moja. "Kumbe ugonjwa umeanza juzi tu," Naetwe alikuwa amesema siku ile, wakitoka hospitali. "Juzi tu, Baba Vone, wala sikusikia kitu."

Mwezi wa kumi na moja hakukuwa na Mwendo. Mwendo wa mwisho wa Naetwe ulikuwa kabla ya hapo, kiangazi, alipopanda huku akiimba, akateremka akapika.

Eliakimu alifika kijitoni mkono ukiwa bado ubavuni. Hapo ndipo njia inapopinda, na mtu anayetoka chini huliona daraja la mawe kwa ghafla. Alipopinda, moyo wake uliruka. Uliruka kwa furaha, furaha tupu, ya mtu anayejua nani yuko mbele, na shingo ikanyooka yenyewe, na macho yakaacha kuhesabu vichwa yakaenda moja kwa moja upande wa kulia wa daraja, kwenye jiwe bapa, kumtafuta mtu mrefu mwenye chupa ya uji.

Kwenye jiwe hapakuwa na mtu.

Furaha ile haikujua. Iliendelea kuruka kifuani mwake, mwaka juu ya mwaka, mara ishirini na mbili, ikimtafuta yeye pale alipokuwa akisimama, naye hakuwepo, kwa sababu alikuwa ndani ya gauni lile. Eliakimu alikaa chini juu ya mawe ya daraja. Kule juu mji mzima ulikuwa unamngoja Namvua afike, na alichelewa sana.

*

Jioni ile, Hiza alipomfungua mtandio, Eliakimu aliuliza jambo moja. "Haya maumivu ya ubavuni. Mnaweza kujua ni ya mwaka gani?"

Hiza aliuweka mtandio kwenye kisomeo chake, akateremka tabaka kwa tabaka. Alichukua muda. "Yanaanza miaka mitatu nyuma, mzee," alisema. "Mwaka wa kwanza ni madogo. Halafu yanakua." Alipomwona uso akaongeza, "Sikujua ni ya nini. Tungejua tungemzuia asipande."

"Nafahamu," alisema Eliakimu. "Naye alifahamu."

Bi Zaina alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Eliakimu alipotoka alimpisha nafasi, naye akakaa. Kwa muda walitazama watu wakirudi makwao na magodoro yao.

"Umempata," Bi Zaina alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimempata."

"Kijitoni?"

Eliakimu aligeuka. "Umejuaje?"

"Mimi hukaa pale juu kila mwaka na kuangalia ile picha ya mapigo ya moyo ya wabebaji wanayoionyesha ukutani. Miaka ya kwanza, bibi yangu alipofika kijitoni mstari ulikuwa unaanguka. Baadaye ukaanza kunyooka. Hii miaka ya karibuni unapanda. Bibi yangu anafika kijitoni anafurahi." Alikunja mikono mapajani. "Baba Navoneiwa, unajua pale kijitoni kuna nini?"

"Daraja."

"Zamani hapakuwa na daraja. Pale ndipo alipomwacha babu yangu. Alirudi kumtafuta mara ya tatu akamkuta ameegemea mawe, amekufa, mdomo umeelekea kwenye mchanga ambao zamani ulikuwa na maji. Hakuwa na nguvu za kumzika. Alimfunika kwa khanga yake akaendelea kupanda kwa sababu kulikuwa na watoto wawili wa watu nyuma yake. Alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Mkeo alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini mahali alipolia bibi yangu sasa pana kicheko cha mtu mwingine."

Eliakimu hakuweza kumtazama. Alijua, na Bi Zaina alijua, kwamba tangu asubuhi alikuwa ameandikwa kuwa mbebaji halali wa Namvua, na kwamba nafsi haichujwi bila alama ya kidole ya mbebaji. Angeweza kukataa. Kesi ya namna hiyo ingekwenda wilayani, ikakaa miaka. Kila mwaka angepanda, na kila mwaka, pale penye kona, Naetwe angemtafuta. Vicheko vya wale vijana alikuwa ameshavizoea kwa siku moja tu, na kwa miaka kumi visingekuwa kitu.

Alikuwa ameliwaza hilo tangu akiwa amekaa darajani. Hata sasa alikuwa bado analiwaza.

"Dada Zaina," alisema. "Ile furaha. Ilikuwa yangu mimi. Alikuwa ananitafuta mimi."

"Najua, kaka yangu," alisema Bi Zaina, na kwa mara ya kwanza alimgusa mkono. "Nilikuwa nakuona na chupa yako."

*

Siku ya kuchuja Eliakimu alikuja mapema. Kajiru alikuwepo na karatasi, hakumtania wala kumpongeza. Eliakimu alibonyeza kidole mahali alipoonyeshwa. Kisha Hiza akamwambia kwamba kazi inachukua chini ya saa moja, na kwamba kama angependa angeweza kungoja nje.

"Nitakaa," alisema.

Hapakuwa na cha kuona. Mtandio ulilala juu ya meza chini ya taa ya kawaida, na kwenye kioo mistari ilikuwa ikipungua, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa mwaka wa mwisho. Hiza alizitaja hatua kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi ya kazi yake. Alipofika kwenye tabaka la mwisho kabisa, la mwaka wa kwanza, alisimama, akamtazama mzee. Eliakimu aliitikia kwa kichwa. Hiza akamaliza.

Bi Zaina aliruhusiwa kuujaribu akiwa amekaa kitini, kwa umri wake. Walimfunga mtandio, wakamwekea kile kipande cha kijitoni peke yake. Alifumba macho. Mwanzoni uso wake haukubadilika. Halafu midomo ikaanza kutetemeka, mwili mzima ukaegemea mbele kama mtu anayeona kitu kwenye mchanga asichotaka kukisogelea, na sauti ikamtoka, sauti ya mtoto kabisa kwa mwanamke wa miaka sabini.

"Bibi," alisema. "Bibi, ni wewe. Pole, bibi. Pole. Ni wewe."

Alilia kwa nguvu, na katikati ya kilio kulikuwa na furaha kubwa ya mtu aliyepotewa akapata. Eliakimu alimtazama kwa muda. Alifurahi kwa ajili yake, kwa kadiri alivyoweza, kisha akatoka chumbani.

Vone alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa mbele, na sare yake, amekunja mikono kifuani.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

Walitoka pamoja, wakaanza kuteremka kuelekea nyumbani. Eliakimu alitafuta namna ya kusema, akaona hakuna namna nzuri.

"Mama yako alikuwa anaumwa, Vone. Si ile miezi tuliyoambiwa. Miaka mitatu. Alipanda mlima ule na maumivu yale mara tatu, na mimi nimesimama pale na uji, namwambia umependeza." Alifuta uso kwa kiganja. "Hakuniambia. Miaka thelathini na saba, na hakuniambia."

Vone hakushtuka. Aliendelea kutembea hatua kadhaa, kisha akasimama, na baba yake alipomtazama alielewa kabla hajafungua mdomo.

"Ulijua," alisema.

"Alikuja kupimwa zahanati, mimi nikiwa zamu. Aliniapisha, Baba. Ndiyo maana sikutaka kumbeba. Ndiyo maana sikutaka umbebe wewe, si kwa ajili ya gauni. Watu na vicheko vyao sikuwajali hata kidogo." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Nilimwomba akwambie. Kila mwezi nilimwomba. Alisema ukijua hutamruhusu apande tena, na alitaka kupanda. Alisema kule juu ndiko anakojisikia mzima."

Mzee alisimama katikati ya njia. Alitaka kumgombeza, akaona hana nguvu. Alitaka kusema kwamba Naetwe alimdhania vibaya, kwamba angemwelewa, kwamba angempeleka hospitali na bado akamsindikiza mlimani, kwamba wangepanda wote wawili taratibu. Alijaribu kuliamini hilo. Aliligeuza upande huu na upande ule.

"Nisingemruhusu," alisema Eliakimu, akajishika uso kwa mikono miwili, na binti yake akaja akamshika.